Marabu wa Dandora wanatuambia nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi?

UKISIMAMA kwenye ukingo wa mto Nairobi upande wa Korogocho mnamo saa nane za mchana na kutupa macho ng'ambo liliko jaa la Dandora, utaona ndege wakubwa wakizunguka angani bila kupiga mbawa. Hao ni marabu, korongo wenye kipara, mdomo mrefu mfano wa panga na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni. Wakishatua juu ya marundo ya taka, hujipanga sako kwa bako na vijana wanaochakura plastiki na vyuma, kila upande ukiuchunga mwingine kwa jicho la mshindani.

Katika mitaa ya Eastlands ndege huyu si kioja tena. Mtoto wa Dandora au Kariobangi humjua marabu kabla hajamjua mbuni. Akisikia redioni kwamba ndege wa dunia wanapungua kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, ana haki ya kuuliza: wanapungua wapi, ilhali hawa wetu wamejaa tele?

Swali hilo ni la busara na linastahili kujibiwa bila dharau. Jibu lenyewe ni kwamba tunaowaona kila siku ni wale waliojifunza kula taka zetu. Wale wanaotegemea mvua ya wakati wake, nyasi, matope na maji safi wanazidi kuadimika, nao hawapigi mbiu wanapoondoka. Tabianchi inayobadilika inalipanua pengo baina ya makundi hayo mawili.

Aidha, pengo hilo halihusu ndege peke yao. Mkazi wa bondeni Mathare au Mukuru anaishi chini ya jua lile lile na kando ya mto ule ule. Ndiyo sababu mjadala huu hauwezi kuachiwa watalii na wenye darubini.

JAA HALIKAUKI

Ili kumwelewa marabu wa Dandora, yafaa kwanza tumtazame marabu wa nyikani. Huyo huishi kwa kufuata mizoga, mioto ya nyika inayowafukuza panzi na wadudu, na vidimbwi vinavyokauka na kuwaacha samaki wakitapatapa. Hutaga mayai msimu wa kiangazi, kwa kuwa wakati huo maji hupungua na chakula cha makinda hupatikana kwa urahisi. Maisha yake yote yameshikamana na kupokezana kwa mvua na kiangazi.

Sasa kalenda hiyo imevurugika. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walisema mwaka 2023 kuwa ongezeko la joto duniani liliufanya ukame wa aina hiyo uwezekane mara 100 zaidi, hasa kwa sababu hewa yenye joto hunyonya unyevu wa udongo na mimea kwa kasi.

Ukame ukianza, mla mizoga hushiba, kwa kuwa mifugo hufa. Ukidumu, mizoga huisha, vidimbwi hugeuka vumbi na sherehe hukoma. Jaa la Dandora, kwa upande wake, halikauki. Lilianza kutumiwa katikati ya miaka ya sabini, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yanaendelea kumwaga humo taka za jiji. Kwa ndege anayeweza kumeza chochote, hapo ni mahali ambapo hakuna msimu wa njaa.

Hii ndiyo maana wingi wa marabu jijini si ushahidi kwamba mazingira yetu ni mazima. Wenzetu wa Kampala waliyaona haya mapema, kwani marabu walianza kujenga viota katikati ya jiji hilo zaidi ya miongo mitano iliyopita, wakivutwa na taka na machinjio.

Na kile anachokula marabu si siri. Mwaka 2007, utafiti ulioagizwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) uliwapima watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walipatikana na kiwango cha madini ya risasi katika damu kilichozidi au kufikia mpaka uliokuwa ukihesabiwa kuwa wa hatari. Ikiwa hayo yalimpata mtoto aliyepumua tu moshi wa jaa, msomaji na akisie hali ya kiumbe anayelifanya kuwa sahani yake.

Hata hivyo, marabu naye anatueleza jambo kuhusu joto. Wengi hudhani kuwa miguu yake ni myeupe. La hasha. Ngozi yake ni ya kijivu inayokaribia weusi, na weupe ule ni wa kinyesi chake mwenyewe, ambacho hujimwagia miguuni ili unyevu ukikauka umpoze. Ndege hawana jasho. Wengine hutweta midomo wazi, wengine hujificha kivulini na kuacha kutafuta chakula. Kila saa ya joto kali ni saa ya kazi iliyopotea, na kwa ndege mwenye makinda, saa zilizopotea huhesabiwa kwa vifo.

KUMBIKUMBI NA KALENDA YA MVUA

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu sisi tuliolelewa Jericho miaka ya themanini, palikuwa na dalili nyingine. Mvua ya kwanza ya masika ilipolowesha ardhi, kumbikumbi walitoka mashimoni jioni ile au siku iliyofuata, na anga ya mtaa mzima ikajaa mwewe, mbayuwayu na ndege wengine waliowadaka wakiruka. Kuku nao walipata sehemu yao, na sisi watoto yetu.

Karamu hiyo fupi ndiyo iliyofungua msimu wa kuzaa. Kwera, ndege wa manjano wanaosuka viota vinavyoning'inia, huhitaji majani mabichi ya kusukia na wadudu laini wa kulisha makinda. Vyote viwili huletwa na mvua. Ndege hawana kalenda ya ukutani. Mwili wao husoma mvua, majani na wadudu, kisha huamua kutaga.

Mvua ikichelewa kwa mwezi, viota huchelewa. Ikinyesha kwa kishindo wiki moja kisha ikakatika, mayai huanguliwa wakati wadudu wametoweka. Ikishuka kwa mafuriko, viota vya kando ya mto husombwa. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linaloua ndege wazima kwa wingi, kiasi cha kuandikwa gazetini. Kinachopungua ni makinda wanaofikia utu uzima, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja mti unabaki mtupu na hakuna anayekumbuka ulinyamaza lini.

Wataalamu wa Ulaya wamelipima jambo hili kwa karne nzima ya kumbukumbu walizonazo. Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa ndege mmoja mdogo, anayekaa Afrika Magharibi wakati wa baridi ya Ulaya, alikuwa amepungua kwa takriban asilimia 90 katika maeneo ambako viwavi wa kulisha makinda walikuwa wametangulia kujitokeza kwa sababu ya joto. Ndege huyo aliondoka Afrika kwa wakati wake wa desturi, akafika na kukuta meza imekwisha kuondolewa.

Karibu nasi, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, utafiti wa takriban miaka 40 wa kuwanasa ndege kwa nyavu na kuwaachilia, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba ndege wengi wa msituni wamekuwa wakihamia juu zaidi kadiri joto linavyoongezeka. Mlima una kilele. Anayekimbilia juu kila mwaka hufikia mahali ambapo hapana pa kwenda.

MABWAWA YA RUAI

Eastlands haina msitu wa mlimani, lakini ina hazina ambayo wakazi wengi huipita bila kuijua. Mashariki mwa jiji, baada ya Njiru, kuna mabwawa ya kusafishia majitaka ambayo husomeka katika ramani za wataalamu kama Mabwawa ya Dandora ingawa yako Ruai. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi yanayosafishwa hupitia hapo.

Mwaka 1999, Leon Bennun na Peter Njoroge walipochapisha orodha ya maeneo 60 yaliyo muhimu kwa ndege nchini Kenya, mabwawa hayo yalikuwamo, pamoja na mbuga ya Nairobi na maziwa mashuhuri ya Bonde la Ufa. Si mzaha kwamba kile tunachokisukuma kwa ndoo ya maji msalani Umoja na Buruburu kimezaa mojawapo ya makao bora ya ndege wa majini karibu na jiji.

Kati ya Oktoba na Aprili, matope ya mabwawa hayo hupokea wageni kutoka mbali. Miongoni mwao ni vitwitwi wadogo wenye uzito wa takriban gramu 25, ambao huzaliwa kwenye nyanda za barafu za kaskazini mwa Urusi. Hufika Ruai wamekonda, hula vijidudu vya matopeni, kisha hunenepa tayari kwa safari ya kurudi. Mabata wa mwituni kutoka Ulaya na Asia nao huja, pamoja na mbayuwayu ambao baadhi yao huendelea hadi Afrika Kusini.

Ndege kama huyo ana nyumba tatu: anakozaliwa, anakopumzika njiani na anakokaa wakati wa baridi. Tabianchi ikiharibu moja, nyingine mbili hazimfai kitu. Eneo la Aktiki limekuwa likipata joto karibu mara nne ya kasi ya wastani wa dunia katika miongo minne iliyopita, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2022. Kwa hiyo nyumba ya kwanza ya kitwitwi inabadilika upesi kuliko zote, na Kenya haina uwezo wa kuirekebisha. Iliyo mikononi mwetu ni ile ya Ruai.

Na hiyo ya Ruai ina mkia mrefu. Maji yake hutoka mifereji ya nyumba zetu, na mifereji hiyo hutegemea bwawa la Ndakaini katika kaunti ya Murang'a, chini ya milima ya Aberdare. Mvua ilipopungua na maji ya Ndakaini kushuka mwaka 2017, jiji liliwekewa mgao wa maji. Mkazi wa Kayole aliyenunua mtungi kwa mchuuzi hakufikiria kwamba ukame ule ule ulipunguza pia kile kinachotiririka kwenda Ruai.

Kuna tishio jingine lisilotokana na mawingu. Ardhi iliyotengewa majitaka imekuwa ikimezewa mate kwa miaka mingi. Mnamo Mei 2020, maelfu ya watu walibomolewa makazi Kariobangi katika ardhi ya mtambo wa majitaka, na mwaka huo huo serikali ikachukua hatua ya kuitwaa ardhi ya Ruai iliyokuwa imevamiwa. Waliolipa gharama walikuwa wanyonge waliolala nje wakati wa mvua na janga la korona. Ardhi ya umma ikilindwa mapema, hakuna mnyonge atakayeuziwa kiwanja cha udanganyifu na hakuna tingatinga litakalohitajika.

NAKURU ILIPOFURIKA

Kuna wanaoamini kuwa ukame ndio adui pekee wa ndege, na kwamba mvua nyingi ni heri. Yaliyojiri katika maziwa ya Bonde la Ufa yanawakosoa.

Kwa miaka mingi Ziwa Nakuru lilisifika kwa heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Picha ya ufuo wa waridi ilipamba kalenda katika vyumba vya kinyozi na ofisi za machifu hadi Makadara. Heroe wadogo hula mwani unaostawi katika maji ya magadi pekee. Tangu mwaka 2010, maziwa hayo yamekuwa yakifurika kutokana na mvua nyingi na udongo usiozuiwa tena na misitu iliyofyekwa.

Utafiti uliotumia picha za setilaiti na kuchapishwa mwaka 2024 ulibainisha kwamba kati ya 2009 na 2022 eneo la maji ya Ziwa Nakuru liliongezeka kwa asilimia 91, huku kipimo cha mwani kikishuka kwa nusu. Magadi yalizimuliwa, chakula kikaadimika, na heroe wakatawanyika kutafuta riziki kwingine.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya tabianchi inayobadilika. Inakausha huku na kufurisha kule, na mara nyingi huyafanya yote mawili mahali pamoja. Wakazi wa Nairobi hawahitaji kufunzwa hili. Baada ya misimu mitano ya ukame, zilifuata mvua za El Nino mwishoni mwa 2023 na mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliyoua zaidi ya watu 290 kote nchini. Mathare na Mukuru zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi jijini.

TUSIITWIKE TABIANCHI MZIGO WOTE

Pamoja na hayo yote, haki inatudai tuweke mizani sawa. Siku hizi imekuwa desturi kwa viongozi wetu kutaja mabadiliko ya tabianchi kila penye uharibifu, kama mtu anayesingizia shetani baada ya kuiba. Ushahidi haukubali usahili huo.

Mwaka 2022, Darcy Ogada na wenzake, akiwemo mtaalamu mashuhuri wa ndege wala nyama Simon Thomsett, walichapisha ulinganisho wa hesabu za ndege hao zilizofanywa kwenye barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na zile za kuanzia 2003 hadi 2020. Aina 19 kati ya 22 zilikuwa zimepungua, na baadhi ya tai na vipanga wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Sababu zilizotajwa zinajulikana kwa majina: mashamba na majengo yaliyotwaa nyika, nyaya za umeme zinazowaua, na sumu inayotiwa kwenye mizoga kwa nia ya kuua simba na fisi. Hizo ni kazi za mikono yetu. Joto linapowafika ndege waliobaki, linakuta jamii iliyokwisha kudhoofika, kama homa inavyomkuta mgonjwa mwenye njaa.

Kunguru wa India naye ni funzo. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka. Leo ameutawala mwambao wote, anakula mayai na makinda ya ndege wa kienyeji, na amekuwa akisonga bara kwa kufuata barabara kuu na miji yenye taka. Mnamo Januari 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza nia ya kuwaangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Aliyeitwa kufagia akageuka kuwa taka mwenyewe. Jiji linalotegemea marabu kulifagilia Dandora lingefaa kulitafakari hilo.

Kisha kuna kwelea kwelea. Mwanzoni mwa 2023, baada ya ukame kuangamiza mbegu za nyasi wanazozitegemea, ndege hao waliokadiriwa kufikia milioni 6 walivamia mashamba ya mpunga katika kaunti ya Kisumu na kuharibu mamia ya ekari. Serikali ilinyunyiza dawa. Dawa hiyo, kama wanavyoonya watetezi wa mazingira, haichagui. Kipanga anayekula kwelea aliyenyunyiziwa sumu hufa pia, na hivyo mkulima hupoteza mlinzi aliyefanya kazi bila mshahara. Mpunga ukiliwa Kisumu, bei ya mchele hupanda katika duka la Umoja.

KIVULI CHA MTI MMOJA

Turudi mtaani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima joto katika vitongoji vya Kibera, Mathare na Mukuru, na kugundua kwamba vilikuwa na joto la juu kwa nyuzi kadhaa kuliko kituo rasmi cha hali ya hewa cha Dagoretti. Mabati, msongamano na ukosefu wa miti vilichangia. Maana yake ni kwamba takwimu za serikali zinaeleza joto la mahali penye nyasi, ilhali wengi wetu tunaishi penye mabati.

Ndege wameshaupiga kura utafiti huo kwa mbawa zao. Katika mitaa ya zamani kama Kaloleni na Jericho, iliyopangwa wakati nyumba ziliachiwa uwanja na miti, bado utawasikia shore alfajiri, utawaona chozi kwenye maua na njiwa juu ya paa. Katika vitongoji ambako kila futi ya ardhi imejengwa ghorofa, wanaobaki ni kunguru, mwewe na shomoro.

Sasa mitaa hiyo ya zamani inabomolewa kupisha majumba marefu. Nyumba zinahitajika, na haifai mtu mwenye yake kumwambia asiye na nyumba asubiri kwa ajili ya kiota cha kwera. Hata hivyo, mti wa miaka 60 haurudishwi kwa mche wa siku ya sherehe unaopandwa mbele ya kamera na kuachwa ukauke. Mti huo ni mwavuli wa mama mboga, ni pampu ya kupoza hewa, na ni makao. Mchoraji wa ramani anaweza kuuzungusha jengo kama anavyozungusha tangi la maji, iwapo ataagizwa.

Vivyo hivyo kwa mto. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliwahamisha kwa nguvu walioishi kandokando ya mito ya Mathare na Mukuru, ikisema inaokoa maisha. Mnamo Machi 2025 mpango wa kuufufua mto Nairobi ulizinduliwa kwa mbwembwe. Swali ni nini kitakachowekwa kwenye kingo zilizoachwa wazi. Zikimwagwa saruji, maji yatakimbia kwa kasi zaidi na kumfurikia jirani wa chini. Zikiachiwa matete, nyasi na miti ya asili, zitanyonya sehemu ya gharika, na ndege watarudi bila kualikwa.

Hii si ndoto ya wasomi. Huko Korogocho, vijana wa kundi la Komb Green, wengine wao waliowahi kuishi maisha ya uhalifu, wameondoa taka kwenye ukingo wa mto na kuugeuza bustani ya wakazi. Walifanya hivyo mahali ambapo wengi walikuwa wamekata tamaa, umbali mfupi tu kutoka jaa lile lile la marabu.

LA KUFANYA

Mambo manne yanaweza kufanywa bila kungoja mkutano mwingine wa kimataifa.

Kwanza, mabwawa ya Ruai yapewe ulinzi wa kisheria kama makao ya ndege, na si kama mtambo wa majitaka pekee. Mpango wowote wa kuboresha mtambo huo uanze kwa kuwahesabu ndege waliopo na kueleza watabaki wapi.

Pili, jaa la Dandora lifungwe kwa utaratibu unaowajali wanaolitegemea. Wachakuraji wapewe ajira katika utenganishaji wa taka. Marabu watapungua, nao watakaosalia watarudi kwenye kazi yao ya asili ya kusafisha nyika.

Tatu, kila mradi wa nyumba Eastlands utakiwe kuonyesha miti itakayobaki kabla ya kuonyesha miti itakayopandwa.

Nne, tuhesabu wenyewe. Makavazi ya Kitaifa na chama cha Nature Kenya, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1909, wamefanya kazi kubwa. Matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, aliyoyaongoza Fleur Ng'weno tangu 1971 kwa miongo kadhaa, yamewafunza wengi. Lakini Jumatano asubuhi mkazi wa Kayole yuko njiani kuelekea Eneo la Viwanda. Panahitajika hesabu ya Jumapili jioni huko Kayole kwenyewe, inayofanywa na wanafunzi wa shule zetu za umma kwa daftari na kalamu, kisha kutumwa kwa mradi wa ramani ya ndege nchini ambao tayari hupokea taarifa kutoka kwa raia.

Wazungu wanajua kilichowapata ndege wao kwa sababu babu zao waliandika. Tusipoandika leo, mjukuu wa huyo mtoto wa Dandora hataweza kujua kama palipungua kitu. Atatazama juu ya jaa, aone marabu, na kudhani kwamba hivyo ndivyo anga ya Nairobi ilivyokuwa siku zote.